Mshindi wa Usiku wa Kwanza
Fainali ya mpira wa kikapu ya mwaka 2001, na hospitali ya Kinshasa



Vijarida vyetu vya harambee vya miaka iliyopita vilibeba historia ya nyumbani: shule ya kwanza, barabara, kisima, na wazee waliotutangulia. Mwaka huu naomba ruhusa ya kuleta historia ya mbali kidogo. Ni fainali ya mpira wa kikapu ya Marekani ya mwaka 2001, kati ya Philadelphia 76ers na Los Angeles Lakers. Philadelphia walishindwa, na walishindwa vizuri tu, michezo minne kwa mmoja.

Ninazo sababu mbili za kuichagua. Kwanza, vijana wetu wanawajua wachezaji wa ligi ya NBA kwa majina na namba za jezi, na ni vyema mara moja moja kijarida hiki kiongee nao kwa lugha wanayoipenda. Pili, katikati ya timu ile iliyoshindwa alisimama mtoto wa Kinshasa, Dikembe Mutombo. Mwaka ule ule alioikosa fainali ndio mwaka ulipovunjwa udongo kwa ajili ya hospitali ya nyumbani kwao. Mambo hayo mawili, kushindwa kwake na hospitali yake, yana funzo moja kwa chama kama chetu. Mimi ni mhasibu wa taaluma, basi mtanivumilia nikitumia namba kuliko maneno.

TIMU MBILI

Kwa wasioufuatilia mchezo huu, fainali ya NBA si mechi moja kama fainali ya kombe la mpira wa miguu. Timu mbili hucheza mfululizo, na inayotangulia kushinda michezo minne ndiyo bingwa. Kwa hiyo kuotea siku moja hakutoshi. Timu inatakiwa kushinda, kulala, kuamka, na kushinda tena.

Kwenye msimu wa kawaida timu hizi zililingana kabisa: kila moja ilicheza michezo 82, ikashinda 56 na kupoteza 26. Kwa tuzo, Philadelphia walikuwa juu. Allen Iverson alichaguliwa mchezaji bora wa ligi, Larry Brown kocha bora, Aaron McKie mchezaji bora wa akiba, na Mutombo mlinzi bora. Tuzo nne kubwa, nyumba moja.

Pamoja na hayo, hakukuwa na mtu mwenye hesabu zake aliyewapa nafasi. Lakers walikuwa mabingwa watetezi chini ya kocha Phil Jackson. Walikuwa na Shaquille O'Neal, mtu wa futi 7 na inchi 1 na uzito wa zaidi ya kilo 140, na Kobe Bryant, ambaye kwa bahati ya dunia alikuwa amezaliwa Philadelphia. Katika hatua za mtoano waliwafunga Portland michezo mitatu kwa bila, Sacramento minne kwa bila, na San Antonio minne kwa bila. Ukijumlisha na michezo ya mwisho ya msimu, walikuwa wameshinda 19 mfululizo. Nahodha wa upande wa pili, Iverson, alikuwa na urefu wa futi 6 na uzito wa kilo 75 hivi, yaani karibu nusu ya O'Neal.

Njia ya Philadelphia ilikuwa ya miiba. Waliwatoa Indiana kwa michezo minne. Toronto waliwapeleka mpaka mchezo wa saba, ukaisha 88 kwa 87 baada ya mpira wa mwisho wa Vince Carter kugonga ringi na kutoka. Milwaukee nao wakawapeleka mpaka wa saba. Kwa hiyo walifika fainali wakiwa wamecheza michezo 18 ya mtoano, wakati wenzao walikuwa wamecheza 11. Lakers walimaliza kazi yao 27 Mei. Philadelphia walimaliza 3 Juni, na 6 Juni walitakiwa wawe uwanjani Los Angeles, upande wa pili wa nchi. Eric Snow alicheza akiwa na ufa kwenye mfupa wa kifundo cha mguu. George Lynch alikuwa amevunjika mguu. Iverson mwenyewe alikuwa amekosa mchezo mmoja dhidi ya Milwaukee kwa maumivu.

Kwa lugha ya ofisini kwetu, mmoja alifika sokoni na akiba benki, mwingine alifika na madeni.

USIKU WA KWANZA

Mchezo wa kwanza ulichezwa usiku wa 6 Juni kwa saa za kwao. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa alfajiri ya tarehe 7. Lakers walianza kwa kasi. Kisha Iverson akaamka. Mpaka mapumziko alikuwa amefunga pointi 30 peke yake, na katika robo ya tatu Philadelphia wakaongoza kwa tofauti ya pointi 15, ugenini, mbele ya timu isiyofungika.

Lakers wakarudi. O'Neal alimaliza usiku ule na pointi 44 na ribaundi 20. Muda wa kawaida ukaisha 94 kwa 94. Katika muda wa nyongeza Lakers wakafunga pointi tano za kwanza, na watu wengi wakadhani hadithi imeisha. Haikuisha. Philadelphia wakafunga 13, Lakers wakapata mbili tu zaidi, na mchezo ukaisha 107 kwa 101. Katika dakika zile Iverson alifunga mbele ya Tyronn Lue, Lue akaanguka chini, na Iverson akamvuka kwa mguu kama mtu anayevuka kizingiti cha nyumba. Picha ile inaonyeshwa mpaka leo.

Iverson alimaliza na pointi 48. Ule ndio mchezo pekee ambao Lakers walipoteza katika mtoano wote wa mwaka ule: walishinda 15 na kupoteza mmoja.

Watu wengi wanaoikumbuka fainali ya 2001 wanaukumbuka usiku huo tu. Ukiwauliza matokeo ya mchezo wa tatu, watakuna kichwa.

MICHEZO MINNE ILIYOFUATA

Mchezo wa pili, siku mbili baadaye, Lakers walishinda 98 kwa 89. O'Neal alifunga 28, akachukua ribaundi 20, akatoa pasi tisa za kufunga na kuzuia mitupo minane. Iverson alibanwa mpaka pointi 23.

Mchezo wa tatu ulichezwa Philadelphia tarehe 10 Juni, na kwa maoni yangu ndipo fainali ilipoamuliwa. O'Neal alitolewa nje kwa kufikisha faulo sita, dakika za mwisho. Tofauti ilikuwa pointi moja. Uwanja mzima ulikuwa umesimama, na mlango ulikuwa wazi. Aliyeufunga hakuwa O'Neal wala Bryant. Alikuwa Robert Horry, mchezaji aliyeanza mchezo akiwa amekaa benchi. Alisimama pembeni, akapokea pasi na kutupa mpira wa pointi tatu zikiwa zimebaki sekunde chini ya 50. Ukaingia. Mchezo ukaisha 96 kwa 91.

Mchezo wa nne Lakers walishinda 100 kwa 86. Wa tano, tarehe 15 Juni, walishinda 108 kwa 96, wakabeba kombe mbele ya mashabiki wa Philadelphia. Siku hiyo Iverson alifunga 37.

HESABU ZINASEMA NINI

Nimejumlisha pointi zote za michezo mitano. Lakers walifunga 503, Philadelphia 469. Tofauti ni pointi 34 kwa michezo mitano, chini ya pointi saba kwa mchezo. Kwa hiyo yule anayesoma "nne kwa moja" na kusema Philadelphia walichezewa kama watoto, hajafungua daftari.

Iverson alifunga 178 kati ya hizo 469. Ni zaidi ya theluthi ya jasho la timu nzima, kutoka kwa mmoja wa watu wadogo kuliko wote uwanjani. Sasa tutoe mchezo wa kwanza. Katika michezo minne iliyobaki alifunga 130, wastani wa 32.5 kila usiku. Hicho ni kiwango ambacho wachezaji wengi hawakifikii hata usiku mmoja katika maisha yao. Na michezo yote minne walishindwa.

Hapo ndipo penye funzo. Hakulegea, na wala hakuwaangusha wenzake. Ila ubora wa mtu mmoja ulitosha kwa usiku mmoja tu. Ulipofika usiku wa tatu na wa nne, ulihitajika mtu wa benchi mwenye miguu iliyopumzika, na Philadelphia hawakuwa naye. Lakers nao walikuwa na nyota wawili wakubwa, lakini saa nyota yao mmoja alipotolewa nje, kulikuwa na Horry.

MTOTO WA KINSHASA

Kazi ya kumzuia O'Neal alipewa Mutombo. Philadelphia walimleta kutoka Atlanta Februari ya mwaka huo huo, wakatoa wachezaji wanne, kwa sababu walijua hawawezi kufika mbali bila mtu mrefu wa kulinda kikapu. Alikuwa na futi 7 na inchi 2, na miaka 34, wakati huo akikaribia 35. O'Neal alimpiga viwiko na mabega kwa michezo mitano na kupata wastani wa pointi 33. Ukitazama upande huo tu, mlinzi bora wa ligi alishindwa kazi. Lakini Mutombo, ambaye hakuwahi kusifika kwa kufunga, alijibu kwa pointi 84, karibu 17 kila mchezo, na ribaundi zaidi ya 12 kila mchezo. Alipigwa, akainuka, akarudi palepale pa kupigwa.

Alizaliwa Kinshasa mwaka 1966. Mwaka 1987 alikwenda chuo kikuu cha Georgetown, mjini Washington, kwa ufadhili wa masomo, akikusudia kuwa daktari. Kocha John Thompson alipomwona, mpango ukabadilika. Alihitimu mwaka 1991 katika isimu na diplomasia, akaingia NBA mwaka huo na kucheza misimu 18. Mara nne alikuwa mlinzi bora wa ligi. Mara mbili alifika fainali, 2001 na Philadelphia na 2003 na New Jersey Nets, na mara zote mbili timu yake ikashindwa. Alistaafu 2009 baada ya kuumia goti, mwaka ule ule kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, alipochaguliwa wa pili kuingia ligi hiyo. Mutombo hakupata pete ya ubingwa.

Nyumbani hakupasahau hata siku moja. Michezo ya Olimpiki ilipofanyika Atlanta mwaka 1996, timu ya wanawake ya kikapu ya Zaire ilikuwa na upungufu wa fedha. Ni yeye aliyegharamia jezi na matumizi yao. Mwaka 1997 mama yake, Biamba Marie, alipata kiharusi. Kinshasa ilikuwa kwenye machafuko, kuna amri ya kutotoka nje na njia zimefungwa, na familia ikashindwa kumfikisha hospitali. Akafariki. Mwaka huo Mutombo akaanzisha taasisi yake ya misaada, na wazo la kujenga hospitali likaanza.

JIWE LA MSINGI NA MIAKA MITATU YA KIMYA

Mwaka 2001, ule ule wa fainali, udongo ulivunjwa Masina, eneo la watu wa kipato cha chini lililo karibu na uwanja wa ndege wa Kinshasa. Naomba wanachama wasome sehemu hii polepole.

Baada ya sherehe ile, ujenzi haukuanza. Miaka mitatu ilipita. Mutombo alikuwa ametanguliza dola milioni 3.5 za mfukoni mwake, alikuwa mtu maarufu katika ligi yenye matajiri wengi, lakini michango kutoka kwa wengine ilichelewa. Watu wakaanza kulima kwenye kiwanja, na ikabidi walipwe ili waondoke. Serikali nayo ikakaribia kuirudisha ardhi kwa sababu haikuwa imeendelezwa. Kila aliyewahi kuwa na kiwanja kijijini anajua hadithi hii, hahitaji kufafanuliwa.

Ujenzi ulianza mwaka 2004. Septemba 2006 hospitali ikazinduliwa, na mwaka 2007 ikafunguliwa kwa wagonjwa. Ilikuwa na vitanda 300, na iligharimu dola milioni 29. Ilipewa jina la mama yake. Kati ya fedha hizo, Mutombo mwenyewe alitoa milioni 15.

Naomba tuitazame hesabu hii kama tulivyoitazama ile ya Iverson. Milioni 15 kati ya 29 ni zaidi kidogo ya nusu. Mtu mmoja alibeba zaidi ya nusu, na bado bila zile 14 za wengine jengo lisingesimama. Na mtu mwenye uwezo wa kutoa milioni 15 alilazimika kusubiri miaka mitatu kwa sababu mabega mengine hayakuwa yamefika. Sasa mtu wa kawaida kama mimi na wewe, mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi, ada za watoto na kodi ya nyumba mjini, atafika wapi peke yake?

Hospitali ile ndiyo mfululizo ambao Mutombo alishinda. Hakuushinda siku ya kuvunja udongo, ambayo ilikuwa mchezo wa kwanza tu, wenye picha na makofi. Aliushinda katika ile michezo isiyo na watazamaji: kuandika barua, kupiga simu, kurudi kwa mtu yule yule aliyesema "njoo mwezi ujao". Alipofariki 30 Septemba 2024 kwa saratani ya ubongo, akiwa na miaka 58, salamu za rambirambi zilizotoka duniani ziliitaja hospitali sambamba na mpira.

NA SISI

Chama chetu nacho kimekuwa na usiku wake wa kwanza. Jiwe la msingi la wodi ya wazazi tuliliweka kwa ngoma na vigelegele, na picha zake mmeziona. Siku ile watu walisimama mmoja baada ya mwingine kutaja ahadi, na kila ahadi ilipigiwa makofi. Ilikuwa siku njema, na wote waliosimama nawashukuru kwa dhati.

Lakini kwenye daftari la mhasibu, ahadi ina safu yake, na fedha iliyoingia benki ina safu yake. Fundi hawezi kununua saruji kwa safu ya kwanza. Wakati safu hizi mbili hazijalingana, kina mama wa kwetu bado wanapakiwa nyuma ya pikipiki usiku, kwenye barabara ya vumbi, kwenda kujifungulia mbali. Mama Biamba Marie aliishi katika mji mkuu, hospitali haikuwa mbali, na bado hakuifikia. Tuwafikirie wa kwetu.

Kila mwaka nasikia mtu akisema kwamba tungempata mfadhili mmoja mkubwa, mheshimiwa fulani au mfanyabiashara fulani, kazi ingekwisha. Wafadhili wakubwa tunawakaribisha kwa mikono miwili, na wengine wao wamo katika ukumbi huu. Ila mfadhili mmoja ni kama Iverson wa usiku wa kwanza. Anaweza kutuletea pointi 48, tukashangilia hadi asubuhi. Kesho yake kuna mchezo wa pili, na dirisha la maabara, na mshahara wa mlinzi, na bomba lililopasuka. Michezo hiyo inachezwa na watu wa benchi: mwalimu anayetuma elfu kumi kila mwezi bila kukumbushwa, kijana wa bodaboda anayetuma elfu tano, mama wa sokoni anayetuma kila Jumamosi. Majina yao hayatangazwi kwenye kipaza sauti, lakini nikifungua daftari ndio wanaonirudishia usingizi.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na linapimika. Aliyetoa ahadi mwaka jana, aimalize kabla ya kutoa nyingine. Asiye na uwezo wa kutoa kikubwa, achague kiasi anachoweza kutoa kila mwezi kwa miezi 12, akijaze kwenye fomu iliyo nyuma ya kijarida hiki, na akishike. Na sisi wa kamati ya fedha tuwajibike kuwaonyesha kila robo mwaka kilichoingia, kilichotoka, na kilichobaki, ili asiwepo wa kusema hakujua.

Philadelphia hawajarudi fainali tangu 2001. Hata hivyo, mji ule unaikumbuka timu ile kwa mapenzi, na mwaka 2024 wamemwekea Iverson sanamu. Walioshindwa kwa heshima wanastahili kukumbukwa. Lakini mzazi aliye kwenye uchungu saa nane za usiku hatasaidiwa na kumbukumbu ya usiku wetu wa kwanza. Atasaidiwa na paa, taa, maji na mkunga.

Bandu bandu huisha gogo. Karibuni katika harambee, na karibuni zaidi katika miezi 12 itakayofuata.